SOMO: Programu ipi utumie kutengeneza tangazo, lebo na prezentesheni ya biashara (soma yote kabla hujanifuata piemu)

Mbukwenyi wakuu. Nimechoka kuulizwa kitu kilekile kila wiki, mara "kaka Canva na PowerPoint ipi kali", mara "nipakue Photoshop nitengeneze kipeperushi?" Naandika mara moja hapa, atakayeuliza tena namtumia linki hii tu. Mimi nashinda kaunta ya steshenari huku Majengo, Dodoma, faili za watu napokea kuanzia muuza karanga mpaka watu wa miradi wanaowahi kikao Mtumba kwenye mji wa serikali, kwa hiyo nachosema nimekiona kikitoka kwenye mashine.

HATUA YA 1. Jua kazi inaishia wapi: stetasi, karatasi, bango la barabarani au ukutani kwa projekta. Usipojua hili usiendelee kusoma.

HATUA YA 2. Jua nani ataigusa baada yako. Kama bosi ana tabia ya kubadilisha bajeti usiku wa kuamkia kikao, mtengenezee kwa PowerPoint, karibu kila ofisi ipo, usimpe kazi ya Canva wakati hata akaunti hana. Hela ya leseni huna? LibreOffice Impress ni ya bure na inafungua pptx (faili la PowerPoint), ila kabla ya siku yenyewe kaifungue kwenye mashine yenye PowerPoint maana maandishi huwa yanahama. Mkiwa wengi mnaandika pamoja tumieni Google Slides.

HATUA YA 3. Angalia bando lako na mashine yako. Canva kwa sehemu kubwa inategemea mtandao, bando likikata kazi inaweza kukata.

HATUA YA 4. Sasa chagua. Kitu cha stetasi au Instagram, Canva ya bure au PixelLab kwenye simu, basi, usijitese. Kipeperushi na kadi za biashara Canva inaweza ila soma hatua ya 5 mara mbili. Logo, lebo, stika na bango nenda kwenye programu ya vekta, yaani Illustrator, CorelDRAW (wachapishaji wengi ndo wanayo) au Inkscape ambayo haina hata shilingi. Vekta haihifadhi vinukta, inahifadhi mistari kwa hesabu, ndo maana logo moja inakaa kwenye kadi na kwenye bango la mita tatu bila kuchanika. Kuna Affinity pia, Canva waliinunua 2024 na mwaka 2025 wakaiachia bure, ni nzuri sana kama laptopu yako haichechemei. Photoshop ni ya picha jamani. Najua kuna mafundi wanatengenezea mpaka kadi za harusi na zinatoka safi, wewe sio hao.

HATUA YA 5. KUTOA FAILI LA KUCHAPISHA. Hapa tulieni, mimi nimeshalipia hapa kwa hela yangu. Lebo za mvinyo, zabibu za zambarau zinawaka kwenye skrini mpaka raha, nikachapisha roli nzima bila kutoa nakala ya majaribio, zikatoka zimezubaa karibu na nyeusi na mteja akazikataa zote. Sababu ni kwamba simu inatengeneza rangi kwa mwanga (RGB) na mashine inatengeneza kwa wino (CMYK), na zambarau kali, bluu ya kuwaka na kijani cha kung'aa wino wa kawaida haufiki huko, mashine inatafuta rangi ya karibu inaweka hiyo. Kwenye Illustrator, Corel au Affinity weka CMYK tangu unaanza ili ulie mapema. Canva ya bure inatoa RGB, CMYK mpaka ulipie, kwa hiyo ukiwa na ya bure mchapishaji ndo atageuza.

ONYO LA KWANZA: toa nakala MOJA, kwa mashine ileile na karatasi ileile ya kazi. Sio printa ya ofisini kwenu.

ONYO LA PILI: weka ukubwa halisi kabla hujaanza kuchora. A5 ni milimita 148 kwa 210. Kitu cha kushika mkononi picha ziwe dpi 300 (yaani vinukta 300 kwa kila inchi), A4 nzima hiyo ni pikseli 2480 kwa 3508. Lile posti lako la Instagram la 1080 kwa 1080, kwa dpi 300 ni sentimita 9 na kidogo tu, halafu unaniambia nilifanye bango! Bango la kuonwa kwa mbali dpi 100 mpaka 150 inatosha.

ONYO LA TATU: rangi ya nyuma ivuke ukingo milimita 3 kila upande, na maandishi yakae ndani angalau milimita 5, kwa sababu kisu hakikati palepale ulipochora. Kwenye Canva chagua PDF Print na uwashe alama za kukatia.

Na ukituma kwa WhatsApp tuma kama dokumenti, ukituma kama picha inabanwa. Skrinishoti sipokei.

HATUA YA 6. Prezentesheni: ukubwa wa herufi usishuke 24, tumia fonti za kawaida au zipachike ndani ya faili, na kwenye flashi beba pptx pamoja na PDF yake.

HATUA YA 7. Tunza faili la asili.

Maswali karibuni.

Kibopa_AreaC: Mkuu shukrani, kwa hiyo ipi ndo nzuri kuliko zote?

Mwandishi: Hatua ya 1.

mtotowaNkuhungu: Nna logo ya jpg nilitumiwa whatsapp, nataka bango futi 6 kwa 3 leo jioni inawezekana?

Mwandishi: Tafuta aliyekutengenezea akupe faili la asili. Kama hana, inachorwa upya kwa vekta na hiyo ni kazi ya kulipwa. Leo jioni hapana.

AsaliSingida: Kaka samahani kwa swali refu, nauza asali na mafuta ya alizeti, logo yangu nilichukua templeti ya Canva nikabadilisha jina na rangi. Sasa nataka kwenda BRELA kuisajili iwe yangu, kuna shida?

Mwandishi: Dada umeuliza jambo la maana. Ndiyo, shida ipo. Templeti na michoro ya Canva inatumiwa na yeyote, na masharti yao hayaruhusu uisajili kama alama ya biashara. Kuitumia kwenye kopo ruksa, kuimiliki peke yako hapana. Unachoweza ni kuanza upya kwa maumbo ya kawaida na fonti, au mchoro wako mwenyewe: chora nyuki wako kwa kalamu nyeusi, piga picha, fungua Inkscape utumie Trace Bitmap, inageuka vekta. Na usichanganye, kusajili jina la biashara ni kitu kimoja na alama ya biashara ni kingine, ukiwa na cheti cha jina usidhani logo imeshalindwa. Ukikwama kwenye Inkscape niandikie.

AsaliSingida: Ubarikiwe sana kaka.

Chata_Original: Unawapotosha watu na Inkscape yako, Corel ya krak ipo Telegram mnahangaika nini

Mwandishi: Sijasema Corel mbaya, soma tena hatua ya 4. Krak sizitaki kwenye uzi wangu, flashi za namna hiyo zimeshaniletea virusi dukani na kazi za wateja zikapotea. Mwenye hela anunue, asiye nayo Inkscape ipo.

finalist_udom: Mkuu, slaidi zangu za bluu nzito zenye maandishi ya kijivu kwenye laptopu zinapendeza balaa, ukumbini hakuna aliyesoma kitu. Projekta mbovu?

Mwandishi: Projekta haina rangi nyeusi mdogo wangu, inatoa mwanga tu. Penye weusi haitoi kitu, unachokiona ni ukuta wenyewe, na ukumbi ukiwa na madirisha wazi ukuta huo ni mweupe. Mchana weka slaidi nyeupe na maandishi meusi. Giza nyuma ni kwa ukumbi unaozimwa taa. Fika mapema ukasimame kiti cha nyuma uangalie.

MamaJuisi: Jamani naomba kuchomekea, stika zangu zikikaa kwenye friji zinavimba na kutoka, ni programu au?

Mwandishi: Hahaha hapana mama, hiyo ni karatasi. Omba stika ya plastiki, wengine wanaiita vinaili, na ipigwe laminesheni. Chupa ifutwe ikauke kabisa kabla ya kubandika, usibandike ikiwa imetoka kwenye baridi.

MamaJuisi: Na ukubwa wa lebo najuaje, chupa ni ya mviringo

Mwandishi: Zungushia ukanda wa karatasi kwenye chupa, weka alama unapokutana, ukunjue uupime kwa rula, ongeza milimita 5 za kupandana. Huo ndo upana wa faili lako. Kama chupa imebanwa kiunoni pima sehemu iliyonyooka tu, lebo ikipita kwenye mkunjo itajikunyata hata ungeichora na nani.