Kutumia ruta yako ya fayawoli kwenye mtandao unaokataza ruta

Mitandao mingi ya mabweni na ofisi hukataza ruta binafsi, na mara nyingi si ukorofi wa wasimamizi. Tatizo ni DHCP, yaani utaratibu wa kugawia vifaa anwani za mtandao. Ruta ndogo hutoka kiwandani ikiwa tayari kugawa anwani za IP. Ukiichomeka vibaya, itawagawia hata majirani. Mimi niliwahi kuingiza kebo ya ukutani kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani) badala ya WAN (la mtandao wa nje), na ghorofa nzima ikaanza kupewa anwani zisizofika popote. Msimamizi alibisha hodi kabla sijajua nilichofanya.

Kwa hiyo anza na ruhusa, tena ya maandishi. Eleza kwamba unataka fayawoli tu (kinga inayozuia miunganisho usiyoitaka), hutarusha waifai. Usitegemee kujificha: kila pakiti (kipande cha data) hubeba TTL, yaani hesabu ya ruta inazoweza kupita, na ruta huipunguza kwa 1, hivyo kompyuta inayoanza na 64 itaonekana ikitoa 63.

Ukiruhusiwa, usiiguse kebo ya ukutani kwanza.

1. Unganisha kompyuta na tundu la LAN, fungua ukurasa wa ruta (kwa ruta zenye programu huria ya OpenWrt ni 192.168.1.1), weka nywila mpya.

2. Zima waifai.

3. Angalia mtandao mkubwa unatoa anwani gani, kisha hakikisha zako za ndani hazifanani nazo. Nje kukiwa na 10.x.x.x, ndani weka 192.168.50.1. Pande zote mbili zikitumia 192.168.1.x, ruta haitajua pakiti iende wapi, nawe utahangaika ukidhani kebo ni mbovu.

4. Mpe msimamizi anwani ya MAC ya WAN (namba ya utambulisho ya tundu hilo) aisajili. Isome kwenye ukurasa wa ruta. Ile ya kibandiko huenda ikawa ya LAN.

5. Sasa chomeka kebo ya ukutani, kwenye WAN pekee.

Hakikisha fayawoli inakataa miunganisho inayoanzia nje, na ukurasa wa ruta haufunguki kupitia WAN. Kama mtandao una ukurasa wa kuingilia, ingia kupitia kompyuta yako. Kumbuka, kifaa chochote kitakachokuwa nyuma ya ruta kitahesabiwa ni wewe, kwa hiyo usimkaribishe kila mtu.

Ukikataliwa, fayawoli ya kompyuta yenyewe inatosha kwa mashine moja. Kwenye Windows, weka mtandao huo kuwa wa umma. Kwenye Ubuntu, andika:

sudo ufw default deny incoming
sudo ufw enable