Somo: Tengeneza mwenyewe pedali ya fazi ya gitaa (soma hatua ya 4 kabla ya kuuliza)

Wakuu, habari zenu. Kila wiki napokea ujumbe ule ule: "Mkuu, ile pedali ya fazi umeitengenezaje?" Nimeshajibu kwa sauti, kwa picha, hata kwa mchoro nyuma ya risiti. Leo naandika yote mara moja, na atakayeniuliza tena nitamwelekeza hapa.

Kwa asiyejua, fazi ni ule mkwaruzo mnene wa gitaa la roki, noti inashikiliwa na inavuma badala ya kufifia, na pedali ni kiboksi cha kukanyaga kinachobadilisha sauti ya gitaa. Sunburst, bendi ya Dar iliyotoa albamu ya Ave Africa mwaka 1976, ndiyo iliyonionyesha kwamba roki ilipigwa hapa hapa kwetu. Kutoka hapo nikavuka mpaka kwenda kwa Wazambia, bendi za WITCH na Amanaz, na hao ndio walionitia homa ya fazi. Albamu ya WITCH ya 1975, Lazy Bones!!, nimeisikiliza mpaka jirani anaijua. Nikaitaka sauti ile, fedha ya pedali ya dukani sikuwa nayo, nikashika chuma cha kulehemu.

Sakiti hii ni ya transista moja. Asili yake ni gitaa za Electra zilizouzwa Marekani miaka ya 1970 zikiwa na vimoduli vya sauti mgongoni. Wapenzi wa pedali wameinakili tangu zamani kwa sababu ni ndogo na haina kiburi.

1. Vifaa. Transista 2N3904 moja. Dayodi 1N4148 mbili. Rezista za omu 2.2M, 6.8k, 680 na 1M. Kapasita mbili zilizoandikwa 104, na moja ya 100µF ya volti 16. Poti ya 100k (kitasa cha kuongeza na kupunguza sauti). Jeki mbili, moja iwe ya stirio. Swichi ya miguu sita. Betri ya volti 9 na kofia yake. Bodi ya matundu. Boksi la chuma.

2. Pima kila rezista kwa mita ya umeme (multimita) kabla ya kuichomeka. 6.8k ni bluu, kijivu, nyekundu. 680 ni bluu, kijivu, kahawia. Usiku chini ya taa ya njano, nyekundu na kahawia ni ndugu.

3. Unganisha hivi. Beisi, kolekta na emita ni miguu mitatu ya transista, hatua ya 4 inaonyesha upi ni upi. Kutoka jeki ya gitaa, ishara inapita kapasita 104 ya kwanza na kufika kwenye beisi ya transista. Rezista ya 2.2M inaunganisha beisi na kolekta. 6.8k inatoka kolekta kwenda chanya ya betri. 680 inatoka emita kwenda ethi, yaani upande wa hasi wa betri. Kutoka kolekta ishara inapita 104 ya pili, na baada ya hapo dayodi mbili zinashuka kwenda ethi, mstari wa moja ukiwa juu na wa nyingine chini. Hapo hapo panaunganishwa na mguu wa pembeni wa poti. Mguu wa kati ndio unaotoa sauti, mguu uliobaki ni ethi. Rezista ya 1M iwe kati ya mwanzo wa sakiti (kabla ya 104 ya kwanza) na ethi, inazuia mlio wa "pap" unapokanyaga swichi. Kapasita ya 100µF iwe kati ya chanya na ethi, mguu wake wa hasi ukiwa ethi.

4. TRANSISTA. Hapa tulia.

Mara ya kwanza nilikwenda dukani nikaomba 2N3904. Muuzaji akanipa BC547, akasema "chukua hii, ni ile ile". Kwa kazi yake ni kweli, zote ni transista ndogo za aina moja, NPN, na BC547 inafanya kazi vizuri kabisa kwenye sakiti hii. Ila miguu imepangwa kinyume! Shika 2N3904, uso bapa ukutazame na miguu ielekee chini: kutoka kushoto ni emita, beisi, kolekta. Shika BC547 vivyo hivyo: kolekta, beisi, emita. Mimi niliichomeka nikifuata mchoro wa 2N3904. Ikatoa sauti, na ndicho kilichonipoteza. Ingekuwa kimya ningeikagua. Ilitoa sauti nyembamba, ya kukatika katika, noti inakohoa halafu inakufa. Nikadhani dayodi mbovu, nikabadilisha. Nikadhani kapasita, nikabadilisha. Usiku mzima nachomoa na kuchomeka, mpaka vijiduara vya shaba vikabanduka kwenye bodi kwa joto na bodi nzima ikawa ya kutupa. Asubuhi nikapima kolekta, inasoma karibu volti 8. Hapo ndipo nikaigeuza ile transista juu chini kuisoma, nikaona maandishi.

Kwa hiyo:
- Soma maandishi kwenye transista yenyewe, usiamini mfuko wala mdomo wa muuzaji.
- Usiamini hata maandishi peke yake. Weka mita kwenye alama ya dayodi, waya mwekundu kwenye mguu wa kati, mweusi kwenye mguu mmoja kisha mwingine. Pande zote zisome kati ya 0.6 na 0.75. Upande wenye namba kubwa kidogo ndio emita. Tofauti ni ndogo, inaonekana kwenye tarakimu ya tatu, kwa hiyo usishike transista kwa vidole maana joto la mkono linahamisha namba.
- Usiiache na umeme ikiwa kinyume. Volti 9 inazidi uwezo wa kiungo cha emita na beisi, na transista inadhoofika hata ukija kuigeuza baadaye.
- Ukiweza, nunua soketi ya transista. Utageuza bila kuchoma chochote.

5. Washa, upime kolekta: waya mweusi wa mita kwenye ethi, mwekundu kwenye kolekta. Ukiona kati ya volti 4 na 6.5, uko salama. Ukiona 8 au 9, rudi hatua ya 4. Ukiona sifuri au pungufu ya 1, risasi imevuka mahali isipotakiwa au 6.8k haijashika.

6. Swichi ya miguu sita: miguu miwili ya kati iende kwenye jeki mbili, miwili ya juu iende mwanzo na mwisho wa sakiti, miwili ya chini iungwe yenyewe kwa yenyewe. Hasi ya betri iende kwenye mguu wa ringi wa jeki ya stirio, hivyo umeme unawaka ukichomeka waya wa gitaa na kuzimika ukiuchomoa.

7. Boksi liwe la chuma na liguse ethi. Bati la biskuti linafaa. Boksi la plastiki la swichi za ukutani nalo linafaa ukilifunika ndani kwa karatasi ya foili na kuiunga na ethi, la sivyo utasikia muungurumo wa umeme wa nyumba nzima.

Maswali karibuni.

—

Nyuzi Sita: Mkuu nimefuata kila kitu lakini haitoi sauti vizuri. Msaada tafadhali.

Mwandishi: Kolekta inasoma volti ngapi?

Nyuzi Sita: Sina mita mkuu.

Mwandishi: Basi hujafuata kila kitu. Hatua ya 2, 4 na 5 zote zinataka mita. Azima kwa fundi redio yeyote, ni kazi ya dakika moja.

Kijana wa Moro: Naweza kutumia BC547?

Mwandishi: Hatua ya 4.

Roki Pwani: Samahani mkuu, kuna pedali za Kichina bei poa kabisa sasa hivi. Mateso yote haya ya nini? Na mwishowe ni kelele tu.

Mwandishi: Nunua, hakuna aliyekukataza. Mimi nataka kujua kwa nini gitaa langu linalia linavyolia, na pedali ya dukani haiwezi kuniambia. Kuhusu kelele: kule Nashville, Marekani, mpiga gitaa Grady Martin alikuwa akipiga solo kwenye wimbo wa mwimbaji Marty Robbins uliovuma mwaka 1961, na mitambo ya studio ikapata hitilafu, sauti ikakwaruza. Wakaiacha vile vile kwenye wimbo. Fundi mitambo Glenn Snoddy akaifanyia kazi ile hitilafu mpaka ikawa kifaa, na mwaka 1962 pedali ya fazi ya Maestro Fuzz-Tone ikaingia sokoni. Kelele hiyo ina zaidi ya miaka 60, na watu bado wanaitafuta.

Binti wa Iringa: Shikamoo mwalimu. Nasoma ufundi umeme, sijawahi kushika gitaa. Nimeelewa transista inakuza. Ila dayodi mbili kwenda ethi zinafanya nini? Si zitameza ishara yote?

Mwandishi: Marahaba binti, swali lako ndilo roho ya pedali nzima. Dayodi ya silikoni haipitishi kitu mpaka volti ifike kama 0.6. Chini ya hapo ni kama haipo. Gitaa linatoa sehemu ya kumi ya volti, au zaidi kidogo ukikung'uta nyuzi kwa nguvu. Transista inaikuza karibu mara kumi, kwa hiyo inataka kufika volti 1 na kuendelea. Kila kinachozidi 0.6 kinamwagwa ethi. Wimbi lililokuwa na kilele cha mviringo linatoka limekatwa kichwa, bapa. Dayodi moja inakata juu, nyingine inakata chini, ndiyo maana mistari yao inapishana. Na wimbi lililokatwa bapa linazaa noti nyingine za juu ambazo hazikuwemo kwenye uzi, ndizo unazosikia kama mkwaruzo.

Jaribu hivi, hasa wewe mwenye mazoea ya maabara: toa dayodi moja, sikiliza, sauti inalainika. Halafu weka taa ndogo mbili nyekundu za LED badala ya dayodi. Zenyewe zinaanza kupitisha karibu volti 1.8, kwa hiyo sauti inakuwa kubwa na safi zaidi, inakwaruza ukipiga kwa nguvu tu. Ukipata dayodi ya jemaniamu (germanium) ya redio za zamani, inaanza kwenye 0.3 hivi, inakata mapema zaidi. Zote tatu ni za bei ndogo, na kila moja ni kama pedali nyingine.

Binti wa Iringa: Na kapasita ya kwanza nikibadilisha?

Mwandishi: Unabadilisha besi. Namba 104 maana yake ni 10 na sifuri nne za pikofaradi, yaani 0.1µF. Hiyo inaruhusu karibu kila noti ya gitaa. Ukiweka 103, ambayo ni ndogo mara kumi, besi inaanza kupungua kuanzia karibu hezi 200, na fazi inakuwa kali na wazi zaidi ndani ya bendi. Mimi ninazo mbili kwenye swichi ndogo, nachagua kulingana na wimbo.

Mzee wa Besi: Kwenye gitaa la besi inafaa, kaka?

Mwandishi: Inafaa mzee wangu, ila uzito unapungua kwa sababu wimbi limekatwa. Ukirekodi, gawa ishara mbili: moja safi, moja ya fazi, kisha zichanganye. Ile safi inabeba kifua, ya fazi inabeba meno.

Nyuzi Sita: Nimeazima mita. Inasoma 8.1.

Mwandishi: Asante kwa namba. Transista yako imeandikwaje?

Nyuzi Sita: BC547B. Nimeiona sasa. Naigeuza.

Mwandishi: Weka mpya kabisa ukiweza, hiyo imeshateseka.

Mtaa wa Luthuli: Salamu kutoka Nairobi. Adapta ya ukutani naweza kutumia badala ya betri?

Mwandishi: Unaweza, lakini pima ncha kwanza. Pedali nyingi zinataka hasi katikati, adapta nyingi za vifaa vingine zina chanya katikati. Weka dayodi ya 1N4001 kwenye njia ya chanya ikulinde. Kwa kurekodi nakushauri betri, haina muungurumo. Sakiti hii inakula nusu miliampia tu. Taa ya kuonyesha kwamba imewaka inakula zaidi ya sakiti yenyewe, ndiyo maana yangu sikuiwekea.

Chumba Kimoja: Kwenye spika pedali yangu ni tamu sana. Nikirekodi moja kwa moja kwenye kompyuta inalia kama nyuki ndani ya chupa. Tatizo ni sakiti?

Mwandishi: Sakiti yako ni nzima. Spika ya gitaa haipitishi sana sauti za juu ya hezi 5,000, na sikio lako limezoea fazi iliyopita humo. Ukirekodi moja kwa moja, zile za juu zote zinaingia. Kwenye programu yako, iwe Audacity au Reaper, weka kichujio kinachokata kuanzia hezi 5,000 kwenda juu, ukate na zilizo chini ya 80. Nyuki wataondoka. Kilele cha sauti kisizidi -12 dB wakati wa kurekodi.

Kama una ampu hata ndogo, rekodi spika kwa maikrofoni. Usiiweke katikati kabisa ya koni, isogeze vidole vitatu kuelekea ukingoni, sentimita tano kutoka kwenye kitambaa. Simamisha godoro nyuma ya maikrofoni.

Chumba Kimoja: Godoro ninalo. Shida ni paa la bati, na huku kwetu mvua imeanza.

Mwandishi: Hapo godoro halikusaidii. Wakati wa mvua mimi narekodi moja kwa moja bila pedali, sauti safi tupu. Mvua ikikatika naitoa ile sauti kwenye kompyuta, naipitisha kwenye pedali, kisha spika, na narekodi kwa maikrofoni. Punguza kiwango cha kutoka kwenye kompyuta mpaka kilingane na gitaa lenyewe, anzia chini kabisa, maana hiyo njia inatoa nguvu kubwa kuliko gitaa na fazi itajaa mpaka noti zisisikike.