Kufuatilia chombo kidogo cha vita: nilivyoitafuta Fifi

Mzee mmoja wa Ujiji aliniomba nimtafutie habari za stima ambayo babu yake alikuwa mchochea moto, enzi za vita vya Mjerumani. Alichokuwa nacho ni jina tu: Fifi. Nikamwambia, "Mzee wangu, nipe siku mbili." Ziliisha wiki tano. Hii ndiyo njia niliyopita.

Hatua ya 1: Andika ulichoambiwa

Kwa kalamu, kwenye daftari. Usimsahihishe msimulizi.

Hatua ya 2: Pata majina yote ya chombo

Hapa ndipo nilipokwama, kwa hiyo nivumilie.

Fifi si jina la kuzaliwa. Stima ile ilikuwa ya Wajerumani na iliitwa Kingani. Tarehe 26 Desemba 1915 Waingereza, wakiwa na mashua zao mbili za injini, zilizoitwa "Mimi" na "Toutou", waliiteka kwenye Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo, wakaitengeneza na kuipa jina jipya. Mimi nilikuwa nikihangaika na Fifi ya 1914, kitu ambacho hakikuwepo duniani. Kabla ya siku ile karatasi zake ni za Kijerumani; baada ya hapo ni za Kiingereza.

Nikadhani nimemaliza. Kumbe ukiandika "Kingani" unaletewa mto! Sehemu ya chini ya Ruvu, kule karibu na Bagamoyo, ndiyo iliyoitwa Kingani, na stima ilichukua jina hapo. Nimesoma habari za vivuko na viboko hadi nikachoka. Dawa yake ni kutotafuta jina peke yake. Liambatanishe na Kigoma, au na jina la kamanda: Zimmer kwa Wajerumani, Spicer-Simson kwa Waingereza.

Mtego mwingine ni "Wissmann". Zilikuwepo mbili. Hermann von Wissmann ilikuwa Ziwa Nyasa, na Agosti 1914 stima ya Waingereza, Gwendolen, iliivamia pale Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen. Hedwig von Wissmann, yenye jina la mke wa Hermann von Wissmann, aliyekuwa gavana wa Kijerumani, ilikuwa Ziwa Tanganyika, na ilizamishwa 9 Februari 1916 huku Fifi ikiwa miongoni mwa walioifukuza. Waandishi wavivu huandika "Wissmann" tu. Kabla hujanakili lolote, uliza ni ziwa gani.

Tahajia nazo zina vituko. Götzen, ambayo leo ni Liemba, utaikuta pia kama Goetzen na Gotzen, na mashine ya kutafuta huziona kama meli tatu. Kalemie, mji wa Kongo kando ya ziwa, jaribu pia kwa Albertville na Lukuga.

Hatua ya 3: Nenda kwenye majalada

Kwa Waingereza, hifadhi ya nyaraka iliyoko Kew, London. Wengi hukimbilia ADM 53, yaani madaftari ya safari za meli. Mimi naanza na ADM 137, karatasi za Vita vya Kwanza, kwa sababu chombo kidogo hutajwa zaidi ndani ya ripoti za mkubwa wake. Karatasi za jeshi la majini la Kaisari ziko Freiburg, Ujerumani. Za utawala wa Kijerumani ziko Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Faili zake huanza na herufi G.

Mwandiko wa Kijerumani wa zamani ni balaa: "e" yake utaapa ni "n". Chapisha jedwali la herufi, jifunze wiki moja. Programu za simu zinazodai kuusoma siziamini hata kidogo. Moja iligeuza Kigoma kuwa jina la mtu.

Hatua ya 4: Panga kwa tarehe

Safu nne: tarehe, jina, bendera, mahali. Karatasi inatosha.

Hatua ya 5: Rudi kwa familia

Nilimuuliza mzee: babu alitumikia bendera ipi? Hakujua. Akampigia binamu yake aliye Kalemie, naye akasema babu aliingia kazini Wabelgiji walipokwisha kufika Kigoma. Wabelgiji waliitwaa Kigoma mwishoni mwa Julai 1916. Basi nakala zangu za Kijerumani, zile zilizonitoa macho, nikazifunga kwenye bahasha, nikaanza upya na ADM 137.