Lisbon kwa siku moja: anzia kwenye dhahabu ya Kilwa

Ninapowatembeza wageni kutoka pwani yetu hapa Lisbon, sianzii mtaa wa Belém kama wafanyavyo wengi. Chagua siku kati ya Jumanne na Jumamosi, na kabla hujatoka angalia tovuti za majengo yenyewe, maana ukarabati huyafunga mara kwa mara.

Hatua ya 1: Museu Nacional de Arte Antiga, makumbusho ya taifa ya sanaa za kale. Pale Praça da Figueira panda basi namba 714, ushuke Rua das Janelas Verdes. Ukiingia, ulizia Custódia de Belém. Ni chombo cha kanisani cha kuonyeshea Ekaristi, cha dhahabu iliyonakshiwa, na ndani yake Mitume 12 wamepiga magoti. Dhahabu hiyo ni yetu. Mwaka 1502 Vasco da Gama alitia nanga Kilwa na merikebu za mizinga, akamlazimisha mtawala wake kulipa kodi kwa dhahabu, na mwaka uliofuata akaifikisha dhahabu hiyo Lisbon. Mfalme Manuel I wa Ureno akaamuru itengenezewe chombo hiki, kikakamilika 1506. Inama usome maandishi yanayozunguka kitako: Kilwa imetajwa waziwazi. Kabla chombo hakijakamilika, mwaka 1505, Wareno walikuwa wamerudi Kilwa na kuuteka mji. Usiharakishwe na mtu hapa. Kwangu mimi, hakuna kitu Lisbon kinachomhusu Mswahili kuliko hiki.

Hatua ya 2: Mosteiro dos Jerónimos. Endelea na 714 hadi Belém. Chombo ulichotoka kukiona kilitengenezewa monasteri hii. Karibu na mlango wa kanisa ndipo lilipo kaburi la da Gama, jiwe limechongwa kwa ustadi mkubwa, na mkabala wake la mshairi Camões. Tiketi ya ua wa ndani nunua mtandaoni mapema, foleni ni ndefu na kivuli hakuna.

Hatua ya 3: Ukingo wa mto Tejo. Mnara wa Torre de Belém na sanamu za Padrão dos Descobrimentos, mnara wa kumbukumbu ya mabaharia wa Kireno, watosha kuutazama kwa nje. Kisha nenda Pastéis de Belém, duka la tangu 1837, ule vitafunio vyao vya maziwa na mayai vikiwa moto, umevinyunyizia mdalasini.

Hatua ya 4: Carmo. Rudi mjini kwa tramu namba 15. Kanisa la Carmo halina paa tangu tetemeko la Novemba 1, 1755. Vaa viatu vya soli ya mpira, mawe ya vilima hivi huteleza, na ukipanda tramu namba 28, pochi iwe mbele.