Somo: Namna Mahakama Inavyofikia Uzito wa Dawa za Kulevya Kabla ya Kutoa Adhabu

Nchini Kenya, sheria ya mwaka 1994 ya kudhibiti dawa za kulevya ilimtishia mlanguzi yeyote kifungo cha maisha pamoja na faini, awe amebeba kete chache au gunia zima. Marekebisho ya mwaka 2022 yaliingiza gramu ndani ya kifungu cha 4: ulanguzi wa gramu 1 hadi 100 una faini isiyopungua shilingi milioni 30 au miaka 30 gerezani, au vyote viwili; ukizidi gramu 100, faini haipungui milioni 50 au mara tatu ya thamani ya sokoni, kiasi kilicho kikubwa zaidi, au miaka 50, au vyote viwili.

Kwanza, soma hati ya mashtaka. Iseme uzito, thamani na namna ya ulanguzi wenyewe, iwe ni kuuza, kusafirisha au kuhifadhi.

Pili, fuatilia mizani, kwa maana hapa ndipo kesi nyingi zinapostahili kupiganiwa, ingawa mawakili wengi huamka wakati wa kujitetea juu ya adhabu. Kifungu cha 74A cha sheria hiyo kinataka shehena yote ipimwe, panapowezekana, mbele ya anayekusudiwa kushtakiwa, wakili wake na mchunguzi aliyeteuliwa, ambaye kisha huchukua sampuli, akazipima na kwenda kuzichunguza. Tuseme katika mahakama ya Kibera bahasha ya kaki inafunguliwa mezani: hati ya mashtaka inasema gramu 120, orodha ya vitu vilivyonaswa inasema 118, na rekodi ya upimaji inasema 96. Tofauti hiyo inavuka mpaka wa gramu 100, na upande wa mashtaka ndio wenye mzigo wa kuieleza.

Tatu, thamani. Cheti cha afisa kinachotaja thamani ya dawa, chini ya kifungu cha 86, hupokelewa kama ushahidi wa awali, yaani unaokubaliwa hadi upingwe, na aliyekitia sahihi anaweza kuhojiwa alivyoipata bei hiyo.

Mwisho huja maelezo ya kuomba nafuu ya adhabu, pamoja na muda wa rumande, ambao kifungu cha 333(2) cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai kinataka uzingatiwe.

Maswali

*Mwalimu, gunia na karatasi za kufungia huhesabiwa?*
Kinachoadhibiwa ni dawa, si chombo chake. Wakili amuulize shahidi waziwazi kama mzigo ulipimwa na gunia lake.

*Misokoto ilikuwa 300, lakini mkemia wa serikali alichunguza michache tu. Kesi inaanguka?*
Haianguki kwa sababu hiyo pekee, kwa kuwa sheria inaruhusu sampuli. Lililo la maana ni jinsi zilivyochaguliwa: kama misokoto ilikuwa katika mifuko mitatu na sampuli zikatoka katika mfuko mmoja, basi mifuko miwili haijathibitishwa.

*Ndugu yangu wa Kayole alikutwa na msokoto mmoja wa bangi, akakiri kosa. Afanye nini?*
Akiiridhisha mahakama kwamba ni ya matumizi yake mwenyewe, adhabu haizidi miaka 5 au faini ya shilingi 100,000. Kwa kuwa alikiri, rufaa yake kwa kawaida hubaki kwenye ukubwa au uhalali wa adhabu, nayo huwasilishwa ndani ya siku 14. Aombe nakala ya mwenendo wa kesi mapema, na aangalie kama cheti cha mkemia kilitolewa mahakamani wakati maelezo ya kosa yaliposomwa.