Kufunga vihisi ndani ya boriti ya gati ili kukamata kutu na nyufa mapema

Gati la zege baharini huanza kuharibika kwa ndani. Chumvi hupenya hadi kwenye nondo, kutu inatanuka, na siku zege linapobanduka kazi imeshakuwa kubwa. Kihisi kilichozikwa humo hukupa habari mapema, ila kwa sharti kifungwe vizuri.

1. Chagua mahali. Kihisi cha kutu kiweke panapolowa na kukauka maji yakijaa na kupwa. Cha mvutano, kinachoonesha zege linavyovutika hadi kupasuka, kiweke chini, katikati ya boriti.

2. Funga kabla ya fomu (mbao za kumwagia zege) kufungwa. Kihisi cha waya unaotetema, yaani kile cha mvutano, kilaze sambamba na nondo kuu, kining'inie kati ya nondo mbili kwa waya laini. Usikibananishe na nondo, wala usifunge sahani za ncha zake: hizo ndizo zinazoshika zege. Elektrodi rejea, yaani kihisi cha kutu kinachopimia volti ya nondo, ikae karibu na nondo bila kuigusa. Unganisha waya mwingine na nondo yenyewe, kisha hakikisha kwa malitimita (kipima umeme) kuwa nondo zote zinapitisha umeme.

3. Linda kebo. Ipitishe chini ya nondo, iache ilegee kidogo, uandike namba kwenye ncha zote mbili. Funga utepe mwekundu juu ya kila kihisi, umwoneshe fundi wa vaibreta (mashine ya kutetemesha zege) kabla hajaanza. Siku ya zege usiondoke hapo. Vaibreta ikigusa kihisi, hakuna wa kukifukua.

4. Chukua vipimo vya mwanzo. Soma kabla ya kumwaga, mara baada ya kumwaga, na tena zege likishapoa na kukomaa. Hicho cha mwisho ndicho utakacholinganishia. Andika na jotoridi kila mara, maana waya wa chuma na zege havitanuki sawasawa.

5. Soma kwa akili. Kwa elektrodi ya shaba na salfeti ya shaba, chini ya milivolti −350 uwezekano wa kutu unazidi asilimia 90. Elektrodi ya kuzikwa mara nyingi ni ya aina nyingine, kwa hiyo geuza namba kwanza iwe ya elektrodi ya shaba. Zege lililozama daima husoma hasi sana kwa kukosa oksijeni, hata kama kutu ni ndogo. Mimi huamini zaidi mshuko wa ghafla wa milivolti kuliko namba moja.

Mshuko huo ukitokea, gonga zege kwa nyundo kusikiliza uwazi, kisha toboa, chukua unga wa kila kina na upime kloridi, yaani ile chumvi iliyopenya.