Asilimia 3.6 ya Harvard si lazima iwe nafasi yako

Walioomba kuanza shahada ya kwanza Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, mwaka 2024 walikuwa 54,008, wakakubaliwa 1,937. Ndiyo hiyo asilimia 3.6 inayowatisha watu. Sasa ifumue: walioomba awamu ya mapema, yaani wanaotuma maombi na kujibiwa kabla ya wengine, walikuwa 7,921, wakapita 692, karibu asilimia 8.7. Kwa waliobaki, waliokubaliwa hawakufika hata asilimia 3. Ila usikimbilie kusema awamu ya mapema ni mteremko. Humo mna wanamichezo waliokwisha kuonwa na makocha, na watoto wa waliosoma palepale.

Ukitaka takwimu za chuo chochote cha Marekani, andika jina lake kwenye Google pamoja na “Common Data Set”, yaani fomu ya takwimu ambayo vyuo hujaza kwa mpangilio mmoja, kisha fungua sehemu C, ya udahili. Vingi huziweka wazi.

Na kwa mwombaji wa kutoka nje anayehitaji kulipiwa, swali kubwa ni jingine: je, chuo kinaangalia uwezo wako wa ada kabla ya kukukubali? Harvard, Yale, Princeton na MIT haviangalii, hata kwa mgeni. Vingi vingine huangalia, na huko ile asilimia ya jumla haikuhusu sana.